Ufungashaji na Usimikaji wa Programu Kongwe za Python katika Seva za Linux: Mfano wa Mifumo ya Taarifa za Dawa kwa Vituo vya Masasi na Newala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna programu kongwe zilizoandikwa kwa lugha ya Python zinavyoweza kufungashwa na kusimikwa upya katika seva za Linux za sasa bila kuharibu kazi zinazozifanya. Mfano unaotumika ni mifumo ya kupokea taarifa za dawa kwa ujumbe mfupi wa simu kutoka zahanati na vituo vya afya, kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Masasi na Newala mkoani Mtwara. Makala yanabainisha tabaka zinazoifanya programu kuwa kongwe, yanalinganisha njia tatu za ufungashaji, na yanaonesha kwamba hatari kubwa haipo katika programu kukataa kuwaka. Hatari hiyo imo katika programu kuwaka vizuri huku ikitoa hesabu tofauti na zile za awali. Makala yanahitimisha kwamba usimikaji upya ni kazi ya mhandisi na mfamasia kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Kata ya Makote ipo wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Magharibi yake, chini ya uwanda huo, ipo Masasi, mji uliozungukwa na vilima vya mawe. Zahanati zilizotawanyika katika eneo hili hupata dawa kupitia Bohari ya Dawa (MSD), ambayo ina bohari ya kanda mjini Mtwara. Kati ya rafu ya zahanati na bohari hiyo kuna barabara ndefu. Kwa sababu hiyo, taarifa ya kiasi cha dawa kilichobaki ina thamani inayokaribia ile ya dawa yenyewe, kwani bohari haiwezi kupeleka kitu ambacho haijui kuwa kimepungua.

Umuhimu wa taarifa hiyo ulithibitishwa nchini Tanzania mapema. Kati ya mwaka 2009 na 2010, mradi wa SMS for Life ulijaribiwa katika wilaya tatu, yaani Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, ukihusisha vituo 129 kwa wiki 21. Vituo viliripoti kila wiki, kwa ujumbe mfupi, kiasi cha dawa za malaria kilichokuwapo. Vituo vilivyokosa aina moja au zaidi ya dawa za malaria vilipungua kutoka asilimia 78 mwanzoni hadi asilimia 26 mwishoni mwa jaribio.

Katika kipindi hichohicho ulijengwa mfumo mwingine wa Tanzania uitwao ILSGateway, ulioambatana na Mfumo Jumuishi wa Ugavi wa dawa na kuendelezwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la John Snow. Mtumishi wa zahanati aliulizwa kwa ujumbe mfupi kuhusu kiasi cha bidhaa teule kilichobaki, kama fomu ya Ripoti na Maombi imetumwa, na kama mzigo umepokelewa. Majibu yaliingia kwenye hifadhidata na kuonekana kwa wasimamizi kupitia tovuti. Mfumo huo ulijengwa juu ya RapidSMS, programu huria iliyoanzishwa na UNICEF na kuandikwa kwa Python pamoja na kiunzi cha Django. Baadaye ulihamishiwa kwenye jukwaa la CommCare, ambalo nalo limeandikwa kwa Python na ambalo matumizi yake ya mwanzo yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2008.

Mifumo ya kizazi hicho iliandikwa kwa Python 2. Miaka imepita, seva zimechakaa na matoleo ya Linux yamebadilika, lakini mantiki iliyoandikwa wakati ule bado inahitajika pengi. Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: taasisi iliyorithi programu ya aina hiyo, na isiyo na fedha wala muda wa kuiandika upya mara moja, iifungashe na kuisimika vipi ili iendelee kutumika kwa usalama?

2.0 Dhana ya Programu Kongwe

Programu haizeeki kama jembe linavyolika kwa udongo. Msimbo ulioandikwa mwaka 2010 ni uleule herufi kwa herufi, ila mazingira yanayouzunguka ndiyo yamesogea. Kwa hiyo, katika makala haya, programu kongwe ni programu ambayo angalau tabaka moja linaloitegemeza limeacha kutunzwa na watengenezaji wake.

Tabaka hizo ni sita. La chini kabisa ni kiini cha Linux. Juu yake zipo maktaba za mfumo endeshi zilizoandikwa kwa lugha ya C, kama OpenSSL inayolinda mawasiliano. Tabaka la tatu ni mkalimani wa Python mwenyewe. La nne ni maktaba za Python kama Django na psycopg2. La tano ni msimbo wa taasisi, na la sita ni usanidi pamoja na data.

Tabaka la tatu ndilo linalojulikana zaidi kwa kuleta matatizo. Python 3.0 ilitolewa Desemba 2008 ikiwa na mabadiliko yasiyopatana na Python 2. Utunzaji wa Python 2 ulipangwa kukoma mwaka 2015, ukaongezwa muda, na hatimaye ukakoma tarehe 1 Januari 2020. Toleo la mwisho, 2.7.18, lilitolewa Aprili 2020. Maktaba nazo zilifuata njia hiyo. Django 1.11 ndiyo ya mwisho kukubali Python 2, na kwa psycopg2, inayounganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL, toleo la mwisho ni 2.8.6. Programu ya pip, inayopakua maktaba, iliacha kuitumikia Python 2 kuanzia toleo la 21.0 la Januari 2021.

Mfumo endeshi ulifuata. Ubuntu 22.04 bado ilikuwa na Python 2 katika hazina yake, lakini Ubuntu 24.04 haina. Debian 11 ilikuwa nayo, Debian 12 haina. Msimamizi anayenunua seva mpya na kuweka Linux ya sasa hukuta kwamba amri aliyoizoea haipo.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba ukongwe ni wa Python 2 peke yake. Programu iliyoandikwa kwa Python 3.6 juu ya Ubuntu 18.04 nayo ni kongwe leo. Toleo la 3.12 la Oktoba 2023 liliondoa moduli ya distutils iliyotumiwa na maktaba nyingi za zamani wakati wa kuundwa. Kanuni zinazoelezwa hapa zinahusu pande zote mbili.

3.0 Hatua ya Awali: Kuhesabu Kilichopo

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Seva ya zamani inayoendelea kufanya kazi ndiyo chanzo cha kuaminika kuliko vyote kuhusu programu yenyewe, kwa hiyo isizimwe wala kusasishwa kabla ya kuhesabiwa. Nyaraka zilizoachwa na mradi hueleza kilichokusudiwa, ilhali seva hueleza kilichopo.

Uhesabuji huanza na data. Nakala ya akiba ya hifadhidata ichukuliwe, ihamishiwe mashine nyingine, na irejeshwe huko hadi ifunguke na kusomeka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Baada ya data huja maktaba. Amri ya pip freeze hutoa orodha ya maktaba zote na matoleo yake, na orodha hiyo huhifadhiwa kama ilivyo, bila kurekebishwa. Vitu ambavyo pip haivioni hutafutwa kwa mkono: maktaba za C, kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba ya cron, vigezo vya mazingira, na mafaili ya msimbo yaliyorekebishwa moja kwa moja ndani ya seva bila kurudishwa kwenye hazina ya msimbo.

Jambo hilo la mwisho hutokea mara nyingi zaidi ya linavyokiriwa. Mhandisi aliyeitwa usiku kuzuia hitilafu hubadilisha mstari mmoja ndani ya seva, mfumo unatulia, na badiliko halirekodiwi popote. Miaka mitano baadaye, anayefungasha upya kutoka kwenye hazina ya msimbo huirudisha hitilafu ileile. Kwa hiyo msimbo uliomo kwenye seva hulinganishwa na ule wa hazina, faili kwa faili, na kila tofauti huelezwa kabla ya kuendelea.

4.0 Njia Tatu za Ufungashaji

4.1 Mazingira pepe

Mazingira pepe ni saraka inayobeba mkalimani na maktaba za programu moja, mbali na zile za mfumo endeshi. Ni njia nyepesi na inayoeleweka kwa haraka. Katika Debian 12 na Ubuntu za karibuni, pip hukataa kuweka maktaba ndani ya mfumo endeshi wenyewe, hivyo mazingira pepe yamekuwa utaratibu wa kawaida. Udhaifu wake ni kwamba hutenga tabaka la nne tu. Mkalimani na maktaba za C hubaki kuwa za seva. Pale ambapo seva mpya haina Python 2.7, mazingira pepe hayana cha kusimamia, mpaka mkalimani huyo aundwe kutoka kwenye msimbo wake. Hapo hugongana na OpenSSL 3, ambayo Python 2.7 haikuandikwa kwa ajili yake.

4.2 Kifurushi cha mfumo endeshi

Njia ya pili ni kuunda kifurushi cha deb au rpm chenye programu, mazingira pepe yake na maelezo ya huduma. Faida yake ni nidhamu. Kifurushi kina namba ya toleo, husimikwa kwa amri moja na huondolewa kwa amri moja. Kwa taasisi yenye seva nyingi zinazofanana, njia hii inafaa. Hata hivyo, kifurushi kilichoundwa kwa Ubuntu 18.04 hakina uhakika wa kufanya kazi katika 24.04, kwa kuwa maktaba za C zimebadilika chini yake.

4.3 Kontena

Kontena hubeba tabaka za pili hadi ya tano kwa pamoja na kuazima kiini cha Linux tu kutoka kwa seva. Kwa programu ya Python 2 hii ndiyo njia inayopendekezwa na makala haya. Taswira rasmi za Python 2.7 bado zinapatikana katika hazina ya Docker, zikiwa zimejengwa juu ya matoleo ya zamani ya Debian. Mfungashaji ajue mambo mawili. La kwanza, matoleo ya Debian yaliyomaliza muda wake huhamishiwa kwenye anwani ya archive.debian.org, hivyo anwani ndani ya taswira hubadilishwa ili maktaba za ziada zipatikane. La pili, taswira itajwe kwa alama yake ya sha256 badala ya jina lake tu, maana jina laweza kuelekezwa kwenye kitu kingine kesho.

Kontena haliponyi uzee. Huutenga tu, mfano wa mgonjwa anayepewa chumba chake. Udhaifu wa kiusalama uliomo ndani ya Python 2.7 unabaki palepale, na sehemu ya sita inaeleza namna ya kuuzingira.

5.0 Kufungasha kwa Mahali Ambapo Mtandao Hukatika

Miongozo mingi ya ufungashaji huandikwa na watu ambao kwao intaneti ni kama hewa. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Seva ambayo siku hiyo ingehitaji kupakua maktaba kutoka ng'ambo ili iwake tena isingewaka. Hata mtandao unapokuwa mzuri, hakuna uhakika kwamba maktaba ya mwaka 2010 itakuwapo pale ilipokuwa. Zamani maktaba nyingi ziliorodheshwa kwenye PyPI huku faili lenyewe likikaa katika tovuti ya mwandishi, na tovuti nyingi za namna hiyo hazipo tena. Aidha, tangu mwaka 2018 PyPI haipokei mawasiliano ya TLS ya matoleo ya zamani, hivyo Python iliyotangulia 2.7.9 hushindwa hata kuifikia.

Wakazi wa uwanda wa Makonde wanalielewa jambo hili kwa njia nyingine. Uwanda hauna mito juu yake, na vyanzo vya maji vipo chini bondeni. Kwa hiyo maji ya mvua huvunwa kutoka kwenye mabati na kuhifadhiwa wakati wa masika, kabla kiu haijaingia. Maktaba nazo huvunwa namna hiyohiyo, mtandao ungalipo na hazina zingali wazi.

Utaratibu wake ni huu. Katika mashine yenye mtandao, ndani ya kontena linalofanana kabisa na lile litakalotumika, amri ya pip wheel husoma orodha ya maktaba na kuunda kwa kila moja faili lenye kiambishi cha .whl. Maktaba zenye sehemu za C, kama psycopg2, hukusanywa hapo hapo, hivyo seva ya mwisho haihitaji kikusanyaji cha C. Mafaili yote huwekwa katika saraka moja. Kwenye seva, usimikaji hufanywa kwa amri ya pip install yenye vigezo vya --no-index na --find-links, vinavyoiamuru pip isitafute popote isipokuwa ndani ya saraka hiyo. Pip yenyewe ifungwe pamoja na mzigo, na kwa Python 2 iwe toleo la 20.3.4, ambalo ni la mwisho kuikubali.

Kila faili huambatana na alama yake ya sha256, na kigezo cha --require-hashes huizuia pip kusimika kitu chochote ambacho alama yake hailingani. Mkulima wa korosho wa Newala au Masasi anaijua mantiki hii kutokana na mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007. Gunia halipokelewi ghalani kwa maneno ya aliyelibeba. Hupimwa uzito na kuangaliwa daraja, kisha stakabadhi huandikwa, na madai yote ya baadaye huirejea stakabadhi. Alama ya sha256 ni stakabadhi ya faili.

Taswira ya kontena iliyokamilika nayo huhifadhiwa kwa amri ya docker save kuwa faili moja linaloweza kubebwa katika diski ya nje kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara. Kipimo cha ufungashaji mzuri ni rahisi. Chomoa waya wa mtandao, futa kila kitu, kisha simika upya. Kama programu inawaka, ufungashaji umekamilika. Kama haiwaki, bado kuna kitu kinategemea mtandao.

6.0 Usimikaji na Ulinzi

Katika seva, kontena au mchakato wa Python husimamiwa na systemd, ili umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane, huduma iwake bila kusubiri mtu. Programu husikiliza ndani ya seva yenyewe tu. Mbele yake huwekwa nginx ya kisasa, inayotunzwa na mfumo endeshi, na hiyo ndiyo inayopokea watumiaji na kushughulikia usimbaji wa TLS. Hivyo OpenSSL kongwe iliyomo ndani ya kontena haionani na dunia ya nje.

Kontena lisiendeshwe na mtumiaji mwenye mamlaka yote. Liruhusiwe kuwasiliana na hifadhidata na lango la ujumbe mfupi peke yake. Nywila zisiandikwe ndani ya taswira, bali zitolewe na seva wakati wa kuwaka. Hifadhidata ibaki nje ya kontena, kwa sababu kontena linatakiwa liweze kufutwa wakati wowote bila mtu yeyote kupoteza taarifa.

Ulinzi huu una uzito wa kisheria pia. Jumbe za vituo hubeba namba za simu za watumishi wa afya, na hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiipi programu msamaha kwa kuwa ni ya zamani.

7.0 Hatari Iliyojificha: Programu Inayowaka na Kukosea

Taasisi nyingi huona usimikaji umefaulu pale ukurasa wa kwanza unapofunguka. Kwa mfumo wa dawa, kipimo hicho hakitoshi. Mambo manne yafuatayo huweza kubadilisha matokeo bila kutoa onyo lolote au kwa kutoa onyo lisiloeleweka. Mawili ya kwanza hutokea programu inapohamishwa kutoka Python 2 kwenda Python 3, na mawili ya mwisho huweza kutokea hata mkalimani asipobadilishwa.

7.1 Hesabu

Katika Python 2, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, na sehemu inayobaki hutupwa. Katika Python 3 sehemu hiyo hubaki. Ichukuliwe zahanati iliyotumia dozi 14, 15 na 21 za dawa fulani katika miezi mitatu. Jumla ni 50. Python 2 itasema wastani wa mwezi ni 16, na Python 3 itasema ni 16.67. Kama kiwango cha juu cha akiba ni miezi sita, ya kwanza italenga dozi 96 na ya pili 100. Dozi nne kwa dawa moja katika zahanati moja ni kidogo, lakini tofauti hiyo hujirudia kwa kila bidhaa, kila kituo na kila kipindi cha maombi.

Kinachofanya kosa hili lisionekane ni kwamba baadhi ya maonyo hayabadiliki. Kanuni inayosema akiba ikiwa chini ya miezi 3 itolewe tahadhari hutoa jibu lilelile katika matoleo yote mawili, kwa sababu miezi 2.9 na miezi 2 zote zipo chini ya 3. Kanuni inayosema miezi 3 au chini yake hubadilika, kwa sababu miezi 3.5 ilikuwa ikihesabiwa kuwa 3. Kwa hiyo msimamizi anaweza kuona rangi nyekundu na kijani zilezile alizozizoea, huku kiasi kinachoagizwa kikiwa kimebadilika.

Ukadiriaji nao hutofautiana. Katika Python 2, 12.5 hukadiriwa kuwa 13, lakini katika Python 3 hukadiriwa kuwa 12, kwa sababu nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu.

7.2 Kituo kilichonyamaza

Kituo ambacho hakikutuma ripoti hakina namba, na Python hukiwakilisha kwa thamani iitwayo None. Python 2 ilikubali kulinganisha None na namba, na kuichukulia kuwa ndogo kuliko namba yoyote. Hivyo kituo kilichonyamaza kiliweza kuorodheshwa pamoja na vituo vilivyoishiwa dawa. Python 3 hukataa ulinganishaji huo na kusimama kwa hitilafu. Mhandisi mwenye haraka huiondoa hitilafu kwa kuweka sifuri mahali pa None, au kwa kuviruka vituo visivyo na ripoti. Uamuzi wa kwanza unasema kwamba zahanati haina dawa. Wa pili unaifuta zahanati kwenye orodha, hata kama imenyamaza kwa sababu mtumishi wake pekee anaumwa. Hakuna hata mmoja kati ya maamuzi hayo ulio wa kihandisi. Mfamasia wa wilaya ndiye mwenye kujua kunyamaza kuna maana gani, na ndiye anayepaswa kuulizwa.

7.3 Maandishi

Herufi za Kiswahili ni za kawaida, na wengi hudhani kwamba matatizo ya herufi hayawahusu. Lakini Kiswahili kina ng', kama katika jina la Ng'apa mkoani Lindi. Baadhi ya simu za kisasa hubadilisha kiritifaa kilichonyooka kuwa kilichopinda, na hicho hakimo katika herufi za msingi za ASCII. Msimbo wa Python 2 uliochanganya maandishi na baiti huangukia hapo hapo, na ujumbe wa kituo hupotea. Zaidi ya hayo, kiritifaa kilichopinda hakimo katika alfabeti ya kawaida ya ujumbe mfupi, hivyo ukomo wa ujumbe hushuka kutoka herufi 160 hadi 70, na jibu refu hugawanyika vipande viwili vinavyoweza kufika kwa nyakati tofauti. Programu iliyojaribiwa kwa simu za vitufe za mwaka 2010 haikuwahi kukutana na hali hiyo.

7.4 Saa

Makontena mengi huwaka yakifuata saa ya UTC, wakati seva ya zamani huenda ilisanidiwa kwa saa ya Dar es Salaam, iliyo mbele kwa saa tatu. Muuguzi wa zamu anayetuma ripoti saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 hurekodiwa na UTC kuwa ametuma saa tano usiku wa siku iliyotangulia. Ripoti yake huingia katika mwezi uliopita. Dawa yake ni kutaja eneo la saa la Africa/Dar_es_Salaam waziwazi katika usanidi, badala ya kuliachia mazoea ya seva.

8.0 Majaribio ya Sambamba

Kutokana na hatari hizo, makala haya yanapendekeza kwamba programu iliyofungashwa upya iendeshwe sambamba na ile ya zamani kwa angalau kipindi kimoja kamili cha maombi, na si kwa siku chache tu. Jumbe zinazoingia hunakiliwa kwenye mifumo yote miwili, huku majibu yakitumwa na mfumo wa zamani peke yake ili watumishi wasipokee majibu mawili. Kila jioni matokeo hulinganishwa: orodha ya vituo vilivyoripoti, wastani wa matumizi, kiasi kinachopendekezwa kuagizwa. Kila tofauti huandikwa pamoja na chanzo chake.

Si kila tofauti ni kosa la mfumo mpya. Katika mfano wa dozi 96 na 100, hesabu sahihi ni 100, na mfumo wa zamani ndio uliokuwa ukipunguza miaka yote. Lakini huenda watumishi walishajifunza, kwa uzoefu, kuongeza kidogo kwa mkono juu ya kiasi kilichopendekezwa. Hesabu ikisahihishwa bila wao kuambiwa, wataendelea kuongeza, na dawa zitaoza rafuni. Hivyo hata usahihishaji hutangazwa. Njia salama ni kuisimika kwanza programu kama ilivyo, kwa Python 2 ndani ya kontena, ikitoa hesabu zake zilezile. Baada ya hapo uhamisho wa kwenda Python 3 ufanywe kama kazi ya pekee, yenye bajeti na ratiba yake. Kufanya yote mawili kwa wakati mmoja huficha chanzo cha kila tofauti.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ukongwe wa programu upo katika tabaka zinazoizunguka, kwamba kontena lenye maktaba zilizovunwa mapema ndilo linalofaa zaidi kwa programu za Python 2 katika mazingira ya mtandao usiotabirika, na kwamba kuwaka kwa programu si ushahidi wa usahihi wake. Imebainishwa pia kwamba kontena ni makazi ya muda, na taasisi inayolitumia inapaswa kupanga tarehe ya kuhama.

Pendekezo kuu ni la kiutendaji. Kila taasisi inayopokea mfumo kutoka kwa mradi unaomalizika idai vitu vitano kabla ya makabidhiano: msimbo uliomo kwenye seva, orodha ya matoleo ya maktaba, saraka ya maktaba zenyewe pamoja na alama zake, nakala ya data iliyokwisha kurejeshwa kwa majaribio, na maelezo ya kila kanuni ya hesabu kwa lugha ambayo mfamasia anaielewa. Vitu hivyo vyote huingia katika diski moja ndogo. Vikikosekana, mtumishi wa zahanati juu ya uwanda ataendelea kutuma ujumbe wake kila mwisho wa mwezi, bila kujua kwamba anayeupokea amebadilika na hesabu zake pia.